Kabla ya Kusoma Namba, Uliza Mashine Iliona Nini

Ndugu mwenyekiti, waganga wafawidhi wa vituo vyetu vya hapa Arusha, madaktari, wauguzi, wenzangu wa chumba cha mionzi, na ninyi mama zetu na baba zetu mlioitikia mwaliko: shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi.

Nimepewa mada ya njia za picha zinazotumika kupima wingi wa madini ya mifupa. Niiingie moja kwa moja kwa jambo ambalo wengi wenu mmelikuta kliniki. Mama wa miaka sitini na kitu anakuja na karatasi mbili. Moja ameipata kwenye kambi ya upimaji wa bure, alikowekwa kisigino ndani ya kifaa kidogo cha mezani. Imeandikwa alama ya T, yaani namba inayolinganisha mifupa yake na ya vijana wenye afya, ni −2.7, na chini yake neno la kumkosesha mtu usingizi. Ya pili imetoka hospitali kubwa, kwenye mashine ya DXA, inayopima madini ya mifupa kwa eksirei ya nguvu mbili, nayo inasema −1.4. Anaziweka zote mezani na kuuliza ipi ya kweli.

Zote mbili zinaweza kuwa za kweli. Hazikupima sehemu moja, hazikupima kitu kimoja, na hazikumlinganisha mama huyu na watu walewale. Zimefanana kwa sura ya tarakimu tu. Hilo ndilo ninalotaka tulishike leo, kwa sababu nimeona watu wakianzishiwa dawa za miaka kwa namba ya kisigino, na nimeona wengine wakirudishwa nyumbani kwa namba nzuri ya mgongo huku mgongo wenyewe umeshavunjika.

Kwa muda mrefu daktari alikuwa na eksirei ya kawaida peke yake. Akiona pingili za mgongo zimefifia kwenye filamu, anaandika kwamba mifupa imepungua madini, basi. Shida ni kwamba jicho halioni upungufu huo mpaka mfupa uwe umeshapoteza asilimia 30 hadi 40 ya madini yake. Tena wenzangu wa mionzi mnajua: ukiongeza nguvu ya mionzi kidogo, mfupa mzima unaonekana dhaifu, ukipunguza, mfupa dhaifu unang'aa. Watu walitafuta mbinu za kuepuka udanganyifu huo. Mwaka 1960 Barnett na Nordin walipima unene wa ganda gumu la mifupa ya kiganja kwenye filamu ya mkono. Mwaka 1970 Singh na wenzake walipanga madaraja kwa kuangalia jinsi mistari ya ndani ya shingo ya paja inavyofutika mmoja baada ya mwingine. Zilikuwa kazi nzuri, lakini zilitegemea sana jicho la msomaji.

Mabadiliko yalianzia Wisconsin, Marekani, mwaka 1963, pale Cameron na Sorenson walipopitisha mwale mwembamba kutoka kwenye chembe ya iodini yenye mnururisho kwenye mkono wa mtu na kupima kiasi kilichotokea upande wa pili. Mwale ukipita kwenye mfupa wenye madini mengi, kinachotoka ni kidogo. Njia hiyo ilifaa kwa kigasha, ambako nyama ni kidogo. Kwenye nyonga na mgongo nyama na mafuta vilivuruga hesabu. Baadaye ikatumika gadolini, inayotoa miale ya nguvu mbili tofauti, na mwaka 1987 chembe zenye mnururisho zikaachwa, ikaingia mirija ya eksirei. Ndiyo DXA tunayoijua leo.

Mashine hiyo inapiga eksirei ya nguvu mbili, kubwa na ndogo. Nyama na mfupa havizuii nguvu hizo kwa uwiano uleule, kwa hiyo kompyuta inaweza kutoa sehemu ya nyama na kubaki na madini ya mfupa. Kisha inagawa gramu za madini kwa eneo la kivuli cha mfupa, na jibu linatoka kwa gramu kwa kila sentimita ya mraba. Angalieni hapo: sentimita ya mraba, ambayo ni eneo, ujazo haumo. Ukisimama nyuma ya lori la magunia unaona mzigo umepanda juu kiasi gani na umetanda upana gani, lakini hujui magunia yamepangwa mistari mingapi kwenda mbele. DXA inatazama mfupa hivyohivyo. Mfupa mnene kwenda ndani utahesabika una madini mengi, na mfupa wa mtu mwembamba mwenye umbo dogo utahesabika una madini machache, hata kama kila kipande cha mifupa hiyo kikipimwa kwa ujazo kina madini sawasawa. Mama wa kimo kifupi anaingia kwenye mashine hii akiwa tayari amekatwa maksi.

Juu ya gramu hizo ndipo inajengwa alama ya T, inayosema uko hatua ngapi juu au chini ya wastani wa vijana wenye afya. Shirika la Afya Duniani lilipanga mipaka mwaka 1994: kuanzia −1 kwenda juu ni kawaida, kati ya −1 na −2.5 ni upungufu, −2.5 na chini yake ni osteoporosisi, yaani mifupa iliyodhoofika kiasi cha kuvunjika kirahisi. Vijana wanaolinganishwa nao, kwa kipimo cha nyonga, ni wanawake Wazungu wa Marekani wa miaka 20 hadi 29. Kipimo hiki kimefanya kazi kubwa: utafiti uliokusanywa mwaka 1996 ulionyesha kwamba kila hatua moja ya kushuka kwenye nyonga inazidisha hatari ya kuvunjika nyonga kama mara 2.6. Hakuna kipimo kingine chenye rekodi ndefu kama hiyo, na dawa nyingi kubwa za mifupa zilijaribiwa kwa watu waliochaguliwa kwa DXA. Kwa hiyo nisieleweke kwamba ninaidharau.

Lakini mwaka huohuo wa 1996 ilitoka Gambia habari ambayo kila mtoa huduma Mwafrika anapaswa kuijua. Kina mama wazee wa vijijini walipimwa na kukutwa na madini machache kuliko wanawake wa Uingereza. Kwa vipimo vya Ulaya wengi wangeitwa wagonjwa. Lakini mivunjiko ya osteoporosisi ilikuwa nadra miongoni mwao. Yako mengi ya kujadili hapo: kazi za shamba, umbo la nyonga, jinsi watu wanavyoanguka, na hata jinsi mivunjiko inavyohesabiwa mahali ambapo mzee akivunjika anabaki nyumbani. Na msinielewe kwamba Waafrika hatuvunjiki. Wazee wetu wanaongezeka, na wodi za mifupa zinawaona. Ninachosema ni kwamba namba ile ilitafsiriwa kwa watu wengine, na sisi tunaiazima.

Sasa twende chumbani, kwenye meza yenyewe, kwa sababu makosa mengi hayatoki kwenye fizikia. Kwa picha ya mgongo mgonjwa analala chali, miguu imeinuliwa juu ya sponji kubwa ya mraba ili kiuno kilale bapa. Kwa nyonga, mguu unazungushwa ndani kidogo na kufungwa kwenye kifaa, ili shingo ya paja ilale wazi. Mguu usipozungushwa, shingo inaonekana fupi na madini yanaonekana mengi kuliko yalivyo. Halafu kuna nguo. Vitabu vinaonya kuhusu zipu na vifungo vya sidiria. Kwetu kuna zaidi: pini ya khanga, hirizi ya chuma kiunoni, na sarafu iliyofungwa pindoni mwa khanga, ikazungushwa kiunoni na kusahaulika. Sarafu hiyo ikikaa juu ya pingili ya tatu ya kiuno, mashine inaihesabu kuwa madini ya mama. Namba inapanda, karatasi inachapishwa, hakuna anayeuliza. Ndiyo maana nasema daktari akipokea jibu la DXA aombe picha yake pia. Picha ni ndogo na haina uzuri wowote, ila ndani yake utaona sarafu, utaona pingili iliyoporomoka, utaona kama aliyepiga aliweka mistari ya kompyuta penye mfupa au penye utumbo.

Pingili iliyoporomoka nayo inadanganya: madini yaleyale yamebanwa kwenye eneo dogo, kwa hiyo inasoma juu. Miiba ya mifupa inayoota kwa umri inasoma juu. Kalsiamu iliyojijenga kwenye mshipa mkubwa wa damu unaopita mbele ya uti wa mgongo inaingia kwenye hesabu. Kwa mtu wa miaka 70 na kuendelea, namba nzuri ya mgongo peke yake isimtulize mtu. Nyonga ndiyo ya kuaminiwa zaidi.

Na hapa Arusha tuna sababu yetu wenyewe ya kutoamini mgongo unaong'aa. Maji.

Miamba ya volkano ya Meru inatupa maji yenye floridi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Chemchemi na visima vingi vya miteremko yetu vinavuka kiwango hicho mara kadhaa. Sote tunayajua meno ya kahawia, na wenye kufanya kazi vijijini mnawajua watoto wenye miguu iliyopinda. Kule Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambacho kwa miaka kimekuwa kikiondoa floridi kwenye maji kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi ambayo ningependa ipewe heshima zaidi. Na magadi tunayowekea maharage na makande yanaweza kuongeza floridi juu ya ile ya maji.

Floridi ikikaa mfupani miaka mingi, mfupa unakuwa mweupe sana kwenye eksirei. Kwenye DXA unapata alama ya kumpongeza mtu. Je, ni imara? Jibu tunalo kutoka Kliniki ya Mayo, Marekani, ambako wanawake 202 wenye osteoporosisi waligawanywa makundi mawili kwa miaka minne, kundi moja likapewa floridi kama dawa na lingine kidonge kisicho na dawa, wote wakipata kalsiamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Msongamano wa madini kwenye uti wa mgongo wa waliopewa floridi ulipanda kwa asilimia 35, ongezeko ambalo lingemfurahisha daktari yeyote. Kisha wakahesabu mivunjiko ya sehemu nyingine za mwili nje ya uti wa mgongo: 72 kwa waliopewa floridi, 24 kwa wasiopewa. Madini yalijaa, na mifupa ikavunjika zaidi.

Kwa hiyo mgonjwa wa kutoka Ngarenanyuki au kokote kwenye maji ya namna hiyo akiwa na mgongo wenye alama ya +3, usimwandikie kwamba ana mifupa ya chuma. Piga eksirei ya kigasha, tazama katikati ya mifupa miwili. Utando unaoiunganisha ukiwa umegeuka mweupe na kuchongoka, unatazama madhara ya floridi, na namba ya DXA haina tena maana uliyozoea kuipa.

Niende kwenye skani ya CT, ile inayozungusha eksirei na kuonyesha mwili kwa mikato. Kina Cann na Genant wa San Francisco walionyesha tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuingia 1980 kwamba CT inaweza kupima madini kwa ujazo halisi, miligramu kwa kila sentimita ya ujazo, ikiwa mgonjwa atalazwa juu ya kielelezo chenye vipande vya madini ya kiasi kinachojulikana. CT inaona magunia ya ndani. Inaweza kutenga ganda la nje na kupima mfupa wa ndani peke yake, ule wenye vyumba vidogo vidogo ambao ndio unaoanza kuliwa hedhi inapokoma. Haidanganywi na kimo cha mtu, wala na mshipa wenye kalsiamu. Mipaka yake ni mingine kabisa: kwenye uti wa mgongo, chini ya miligramu 80 ni osteoporosisi, kati ya 80 na 120 ni upungufu. Msichukue alama ya T ya CT ya mgongo mkaipima kwa −2.5 ya DXA. Mfupa wa ndani unapungua haraka kwa umri, kwa hiyo alama hiyo inashuka haraka, na mtajikuta nusu ya wazee wa mtaa ni wagonjwa.

Gharama yake ni mionzi. DXA ya mgongo na nyonga inatoa dozi ya takriban maikrosiveti 10 au pungufu, sawa na siku moja au mbili za mionzi ya asili inayotupata wote tukiwa tumekaa nyumbani. CT ya kupimia mifupa inaweza kuwa mara kumi, mara mia, au zaidi. Siwezi kumshauri mtu apigwe CT kwa ajili ya mifupa peke yake wakati DXA inafikika.

Lakini je, kama CT imeshapigwa? Hapo ndipo moyo wangu ulipo, na mniruhusu nikae kidogo. Serikali imepeleka skani za CT katika hospitali za rufaa za mikoa miaka hii ya karibuni. DXA bado ni chache, na kwa mgonjwa wa Longido au Ngorongoro maana yake ni nauli, malazi na mtu wa kumsindikiza. Kila siku tunapiga CT za tumbo na kifua: mawe ya figo, uvimbe, ajali. Ndani ya kila picha hiyo pingili ya kwanza ya kiuno imo, imekaa wazi, na tunaipita bila kuitazama.

Mwaka 2013 Pickhardt na wenzake, nao wa Wisconsin, walichapisha utafiti wa watu wazima 1,867 waliokuwa wamepigwa CT kwa sababu nyingine na pia kupimwa DXA katika kipindi cha karibu. Walichofanya unaweza kukifanya kwenye kompyuta ya hospitali yoyote. Fungua pingili ya kwanza ya kiuno kwa mkato wa kulala. Chora duara la yai kwenye nusu ya mbele ya pingili, ndani ya mfupa wa vyumba vidogo, usiguse ganda la nje, ukwepe mshipa unaoingia kwa nyuma. Mashine itakupa wastani wa vipimo vya Hounsfield, yaani namba za CT zinazoonyesha mfupa unazuia eksirei kiasi gani. Ukipata 160 au chini, umewanasa asilimia 90 ya wenye osteoporosisi, pamoja na wengine wasio nayo. Ukipata 110 au chini, uwezekano wa kumsingizia mtu unakuwa mdogo zaidi. Juu ya 200 unaweza kumwacha mtu kwa amani.

Kilichonigusa zaidi kwenye utafiti huo ni watu 119 waliokutwa na pingili zilizovunjika kwa kiwango cha kati au kikubwa. Kati yao 62, zaidi ya nusu, DXA ilikuwa imesema hawana osteoporosisi. Karibu wote walikuwa na 145 au chini kwenye CT.

Tahadhari zipo. Mipaka hii inategemea nguvu ya kilovolti 120. Dawa ya kung'arisha mishipa inapandisha namba kidogo. Mashine mbili hazisomi sawa kabisa. Na kwa mgonjwa wa floridi mnajua tayari. Basi isitumike kama hukumu ya mwisho. Itumike kumwamsha daktari. Inachukua dakika moja, haiongezi mionzi, haiongezi shilingi. Wenzangu wa radiolojia, naomba tuanze kuandika namba hiyo kwenye ripoti ya kila mgonjwa aliyevuka miaka 50.

Kuhusu kisigino. Mwaka 1984 huko Uingereza Langton na wenzake walionyesha kwamba mawimbi ya ultrasaundi yakipitishwa kwenye kisigino yanadhoofika kwa namna inayotegemea mfupa. Kifaa kinapima udhoofikaji huo na kasi ya mawimbi. Hakina mionzi, ni chepesi, kinapanda bodaboda. Tafiti kubwa za Ulaya zimethibitisha kwamba kwa wazee kinabashiri mivunjiko kwa kiasi cha kuheshimika, kwa hiyo anayekiita mchezo anakosea. Kinapokosea ni kwenye matumizi. Madini yenyewe hakiyapimi. Mpaka wa −2.5 haukutengenezwa kwa ajili yake. Mguu wa baridi na mguu uliovimba maji unabadilisha jibu. Hakifai kufuatilia dawa, maana kisigino kinabadilika polepole kuliko uwezo wa kifaa kutambua. Kwenye kambi, kazi yake iwe kuchuja: nani aende mbele, nani asihitaji. Na mtu asiuziwe makopo ya virutubisho pale pale mezani kwa namba hiyo. Hilo linafanyika, na linaniuma, kwa sababu wanaonunua ni wastaafu.

Zipo na nyingine nitakazozitaja tu. Kuna CT ndogo za mkono na mguu zenye uwezo wa kuona vyumba vya ndani vya mfupa kwa ukubwa wa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni za watafiti. MRI, mashine ya sumaku, inaona mfupa bila mionzi lakini kwa kazi hii ni ghali mno. Faida yake kwetu ni kutofautisha pingili iliyovunjika juzi na iliyovunjika zamani, au iliyoliwa na saratani. Kuna programu inayosoma upya picha ya DXA ya mgongo na kutoa alama ya mpangilio wa vyumba vya ndani, nayo inasaidia hasa kwa wagonjwa wa kisukari, ambao huvunjika wakiwa na namba nzuri.

Swali ninaloulizwa sana ni la kurudia kipimo. Mama amekunywa dawa mwaka mmoja, DXA ya kwanza nyonga ilikuwa 0.700, ya pili 0.714. Amepona? Hilo ni ongezeko la asilimia 2. Mashine nzuri na mpigaji mzuri wakimpima mtu yuleyule mara mbili siku ileile, majibu yanatofautiana. Kanuni ni kuchukua kosa hilo la kurudia na kulizidisha kwa 2.77. Kosa likiwa asilimia 1.8 kwenye nyonga, mabadiliko yoyote yaliyo chini ya asilimia 5 hivi hayathibitishi kitu, yawe ya kupanda au ya kushuka. Na hayo ni kwa mashine ileile. Mkipima mara ya kwanza Nairobi na mara ya pili Dar es Salaam kwa mashine ya kampuni nyingine, msitoe moja kwenye nyingine. Watengenezaji wanaweka mipaka ya mfupa kwa namna tofauti, na tofauti ya mgongo mmoja kati ya mashine mbili inaweza kupita asilimia 10.

Mashine hizi zote hazitaji ugonjwa. Mfupa uliokosa vitamini D, mfupa unaoliwa na saratani ya uboho, na mfupa wa uzee, vyote vinaweza kutoa −3. Kabla ya dawa, damu ipimwe.

Na kuna mwenye kuvunjika ambaye hana namba mbaya. Huko Rotterdam, Uholanzi, walipofuatilia wazee kwa miaka, asilimia 44 tu ya wanawake waliovunjika sehemu zisizo za uti wa mgongo walikuwa na −2.5 au chini. Kwa wanaume ilikuwa 21. Waliobaki wote wangeambiwa kwamba hawana osteoporosisi. Ndiyo maana mtu wa miaka 65 aliyeanguka kutoka kimo chake mwenyewe, ameteleza bafuni, akavunjika nyonga, hahitaji DXA ili ajulikane ana mifupa dhaifu. Ameshajulikana. Vilevile mzee aliyefupika, suruali inaburuta na mgongo umepinda: mpigeni eksirei ya mgongo kwa ubavu. Pingili iliyopungua kimo kwa zaidi ya robo kuliko jirani zake ni mvunjiko wa kuhesabika, na filamu hiyo ya shilingi chache ina uzito kuliko karatasi yoyote ya alama ya T. Nyingi zimeshapigwa tayari, zimo kwenye picha za kifua za ubavuni zilizoombwa kwa ajili ya kikohozi. Msomaji alitazama mapafu akaishia hapo.

Basi nani apande basi kwenda kupimwa DXA? Mama aliyekoma hedhi kabla ya miaka 45. Mtu anayetumia prednisolone, dawa ya jamii ya steroidi, kwa miezi mitatu na kuendelea, kwa pumu au kwa baridi yabisi. Mwenye namba ya chini kwenye CT au kwenye kisigino ambaye hajavunjika. Mtu anayeishi na VVU aliyevuka miaka 50, kwa sababu tenofovir, moja ya dawa za VVU, hupunguza madini ya mfupa, hasa mwaka wa kwanza au wa pili. Na hapa nasema kwa sauti kubwa, asiache dawa zake hata siku moja kwa hofu ya mifupa. Mzee anayetarajiwa kuanza dawa ya mifupa, ili tuwe na namba ya kuanzia, na ahakikishe atarudi kwenye mashine ileile.

Dada zangu mnaotumia sindano ya Depo ya uzazi wa mpango, najua mtauliza. Ni kweli madini hupungua mkiwa kwenye sindano, na sehemu kubwa hurudi mkiacha. Kwa msichana wa miaka 25 asiye na sababu nyingine, simshauri DXA: alama ya T haikutengenezwa kwa umri wake, tungetumia alama ya Z inayomlinganisha na wa umri wake, na jibu lingeleta wasiwasi kuliko msaada. Azungumze na muuguzi wake kuhusu njia nyingine kama amekaa kwenye sindano zaidi ya miaka miwili.

Fomu za maombi ya picha ziko pale mlangoni. Nimeongeza mistari minne: umri wa kukoma hedhi, dawa anazotumia, mvunjiko wowote baada ya miaka 50, na chanzo cha maji anakoishi. Chukueni za kutosha kituo chenu, na nitakaa hapa na wenzangu mpaka saa nane kwa mwenye picha au karatasi anayotaka tuitazame pamoja.